Treni ya Muyisa, Kutoka Butembo Mpaka Beni

Mjini Butembo, mtaa wa Furu, ukimuulizia Muyisa seremala, watu hukuonyesha karakana yake kwa kidevu, kwa sababu mikono yao haikosi mzigo. Utamkuta ameinamia randa, maranda ya mbao yamemfika vifundoni, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya puani. Hutengeneza milango, vitanda, mabenchi na makabati ya vyombo. Ni mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Alizaliwa Kipese, kule juu kwenye baridi, mwana wa mkulima wa viazi na puaro, yale majani ya jamii ya vitunguu, aliyekuwa akichonga mizinga ya nyuki kila shamba lilipopumzika, naye alijua kushika patasi kabla ya kushika kalamu. Mbele ya ubao hakuwa na hofu. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na jina: Mama Berthe.

Berthe alikuwa mama mkwe wake, mzazi wa mkewe Victoire. Alikaa Beni, katika komini ya Ruwenzori, mjane mwenye sauti nzito na kitambaa cha kichwa kilichokazwa barabara. Hakuwa mkali hata kidogo. Lakini kati ya mwanaume na mama mkwe wake kuna heshima ya zamani, na katika familia hii heshima hiyo ilishikwa kwa mikono miwili: kusalimiana macho chini, kutokaa mkeka mmoja, kutokula meza moja, kutopiga soga. Muyisa akifika Beni aliweka mfuko wa viazi mlangoni, akanywa chai barazani peke yake, akaaga. Tangu siku ya ndoa mpaka binti yao Bénite alipotimiza miaka saba, maneno yote waliyowahi kusemezana wawili hao yangeingia ndani ya kibiriti, na njiti zisitolewe.

Basi siku moja Bénite akaanguka kutoka juu ya mpera wa jirani, akavunjika mfupa wa paja. Hospitalini walimfunga plasta kuanzia kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, na daktari akasema mtoto alale hivyo hivyo mpaka mfupa ushikane. Victoire alikuwa na biashara yake ya nguo za balo, yaani mitumba, sokoni, Muyisa alikuwa na milango ya shule inayomngoja, na mtoto mwenyewe alikuwa wa aina ile ambayo ukimwacha dakika tano tu anataka kujua kama samaki hulala. Victoire akapiga simu Beni. Kesho yake Mama Berthe akashuka kwenye gari, na begi moja na kuku mmoja, akaingia ndani ya nyumba ya mkwe wake.

Muyisa alianza kula karakanani. Alitoka asubuhi kabla mama mkwe hajaamka, na jioni alipita uani akinawa kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Aliyajua yaliyokuwa yakiendelea ndani kwa kusikia tu, kwa kuwa dirisha la chumba cha Bénite lilitazama karakana.

Na alichokisikia ni treni.

Berthe hakuwa mzaliwa wa huku. Alizaliwa Kindu, kule Maniema, ambako baba yake alikuwa mshika bendera kwenye stesheni. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alipita Kindu akitafuta mali, akapata mke, akarudi naye, na tangu hapo Berthe akawa mtu wa huku, akajua Kinande, akapika sombe, yale majani ya muhogo, kama wenzake. Lakini utoto wake aliuacha kando ya reli. Ili Bénite asijikune ndani ya plasta, akaanza kumsimulia: jinsi ardhi ilivyotetemeka kabla treni haijaonekana, jinsi abiria walivyonunua samaki wa kukaushwa kupitia madirishani, jinsi baba yake alivyosimama wima na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, na lile jitu zima la chuma likamtii.

Bénite alimwita baba yake kupitia dirishani akamuuliza kama amewahi kuona treni. Muyisa akakubali kwamba hajawahi, isipokuwa kwenye kalenda. Mtoto akamwambia, kwa huruma kidogo, kwamba basi haidhuru, yeye anaijua, na angependa kuwa na moja.

Baba gani angebaki amekaa? Muyisa alichagua kipande cha libuyu, mbao nyekundu ngumu anayoitunza kwa ajili ya kazi za harusi, akaanza kuchonga. Aliisugua mpaka ikang'aa kama kahawa. Aliitia magurudumu sita aliyoyakata kwenye kandambili kuukuu, usukani unaozunguka, vioo viwili vya kutazamia nyuma, na mlango wa pembeni ambapo konvwayeri, yule utingo, angeweza kuning'inia. Akaipeleka chumbani akiwa ameinamisha kichwa, akaiweka juu ya blanketi. Bénite akamkumbatia shingo.

Mama Berthe aliitazama ile kazi. Kisha akajifunika mdomo kwa pembe ya kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika. Muyisa alikuwa amekwisha kufika koridoni aliposikia.

"Victoire," mama mkwe alisema akivuta pumzi, "bwana yako ametengenezea mutoto Fuso."

Kicheko cha Victoire kilifuata, halafu cha Bénite, ambaye hakujua wanacheka nini lakini hakutaka kuachwa nyuma. Muyisa alirudi karakanani akashika randa, akauranda ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama sahani, bila sababu yoyote. Ilimuuma. Yeye ni mtu ambaye wateja hupapasa milango yake kabla ya kuifungua. Lakini kilichomkaa zaidi kichwani kuliko kicheko kilikuwa swali: kama treni haina usukani, inakataje kona?

Jioni akamtuma mkewe akamuulize mama. Victoire akaenda, akarudi na jibu: njia yenyewe ndiyo inayoikatisha. Njia iko namna gani? Akaenda, akarudi: vyuma viwili vinavyokwenda pamoja na havikutani. Gurudumu linakaaje juu ya chuma lisiteleze? Victoire alikuwa na kisu na vitunguu mkononi, macho yanamtoka machozi, na mafuta yake yalikuwa yanaungua jikoni. Alichukua kiti, akakiweka katikati ya mlango wa chumba cha mtoto.

"Miye haiko telefone," alisema. "Muko mu nyumba moja. Papa Bénite, ikala pale."

Akaenda kuokoa mafuta yake.

Muyisa alikaa. Alikaa kiubavu, uso umeelekea kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyekuja kukagua bawaba. Mama Berthe naye akageukia dirisha. Katikati yao Bénite alilala na mguu wake mweupe, akigeuza shingo huku na huku. Mwishowe Muyisa akaiuliza ile fremu ya mlango:

"Mama, unisamehe. Bile byuma mbili, ni nini inabishikaka bisiachane?"

"Mbao," dirisha likajibu. "Mbao kubwa kubwa, zinalala chini, moja, ingine, ingine, paka kule macho inaishia. Bila mbao, treni hapana."

Muyisa alisahau adabu, akageuka akamtazama mama mkwe wake usoni. Kumbe lile jitu la chuma linatembea juu ya kazi ya seremala. Akauliza ni mbao za mti gani, unene gani, zinapigiliwa vipi, na Berthe, ambaye utotoni alizirukaruka zile mbao kwa mguu mmoja kila siku akitoka shule, alijikuta anamchorea kwa kidole juu ya plasta ya mjukuu. Chakula kikaiva, kikapoa. Victoire aliwachungulia kutoka jikoni, akarudi zake.

Kuanzia hapo nyumba ile haikuwa na kazi nyingine ya maana. Ilikubaliwa kwamba treni peke yake haitoshi, lazima iwe na njia, na Bénite ndiye aliyeamua njia iende wapi. Itoke Butembo ifike Beni, kwa sababu koko, yaani bibi, anakaa Beni na barabara ina matope. Ipite Maboya. Ipite pia Kipese, kwa babu. Berthe alimweleza kwamba Kipese iko upande wa Lubero, nyuma kabisa, huwezi kuipitia ukienda Beni. Bénite akafikiri, akasema treni ni yake. Kipese ikawekwa. Ukawekwa na mlima Ruwenzori pamoja na theluji yake, na chini yake Mutwanga yenye migomba.

Muyisa alitengeneza meza ndefu yenye miguu mirefu inayopita juu ya kitanda, ili mtoto, akiegemezwa mito, awe na nchi nzima mbele ya kifua chake. Aliigawa vipande viwili vinavyoungwa kwa bolti, maana mlango wa chumba ulikuwa mwembamba. Kwa reli, Victoire alileta kutoka sokoni mikanda ya chuma inayofunga balo za nguo. Muyisa alipasua mifereji miwili juu ya ubao kwa msumeno, akaisimamisha ile mikanda ndani kwa ukingo wake, ikazunguka meza nzima ikimetameta. Kisha akachonga vijimbao vidogo kama vidole, akavipanga kimoja kimoja chini ya reli. Havikuwa na kazi yoyote, reli ilishikwa na mifereji. Lakini mama mkwe alikuwa amesema bila mbao treni hapana.

Treni mpya, kichwa na vigari vitatu, haikumpa shida kuichonga, ila magurudumu yalimsumbua. Alijaribu vifuniko vya chupa, vikateleza. Alijaribu sarafu za zamani, zikaanguka. Siku moja alipeleka kiti kwa Jokébed, mshonaji wa jirani, akaona juu ya cherehani kile kibobini kidogo cha chuma kinachoshika uzi wa chini: mwili mwembamba, kingo mbili pembeni. Alikiokota, akakiendesha juu ya ukingo wa mkasi wake. Kikatembea, na zile kingo zikakizuia kisianguke huku wala huku. Jokébed hakuelewa kwa nini seremala mzima anachekelea bobini, lakini akampa za zamani zote zilizoharibika.

Injini ilitoka kwa Abdias, fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa mota ya kuzungushia kaseti, ndogo kama kidole gumba, na Abdias akaonyesha namna umeme wa mawe ya redio, zile betri, utakavyopita kwenye reli moja, uingie kwenye mota kupitia bobini, utokee reli ya pili. Muyisa akaunganisha kila kitu. Akaita familia. Akagusisha waya. Treni haikusogea hata unywele. Badala yake waya ulianza kutoa moshi, ukanuka mpira, na Mama Berthe, akiwa na kumbukumbu zake za Kindu, akaona ni vizuri sana kwamba ina moshi. Bénite akapiga makofi. Muyisa aliuvuta waya kwa vidole akaungua.

Abdias alikuja, akatazama, akacheka. Ile ekseli inayounga bobini ya kushoto na ya kulia ilikuwa msumari wa chuma. Umeme ulikuwa unavuka moja kwa moja kutoka reli hadi reli bila kupita kwenye mota, kama mtu anayekatiza uwanja wa jirani. Muyisa akatoa misumari yote, akaweka mianzi iliyochongwa. Safari hii treni ikajikohoza, ikasogea, ikatoka Butembo. Ikapita Maboya, ikateremka kwa mbio, ikasimama Beni ilipogonga kipande cha sabuni kilichowekwa kama stesheni.

Shida ilikuwa kurudi.

Butembo iko juu, Beni iko chini, na Muyisa alikuwa ameijenga nchi kwa uaminifu. Kati ya hiyo miji miwili alisimamisha kilima cha vumbi la mbao lililokandwa na gundi, na Bénite alikuwa amekipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe: mistari ya puaro, vinyumba vya mabati, kanisa. Treni ilipanda hatua mbili, ikanung'unika, bobini zikazunguka mahali pamoja, ikarudi nyuma polepole mpaka Beni. Mara ya pili vilevile. Muyisa aliongeza mawe ya redio, ikapiga kelele zaidi na kuteleza zaidi. Bénite, ambaye hakulia hospitalini walipomnyoosha mguu, akaanza kulia. Alisema basi wamebaki Beni, hawatarudi tena nyumbani.

Mama Berthe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliweka ungo chini.

"Papa Bénite, unapandisha treni sawa moto," alisema, akimaanisha pikipiki. "Treni haipandake vile. Siku moja papa alinipeleka Kalemie. Tulifika ku milima, njo treni ikazunguka, ikazunguka, paka nikaona mukia yetu mu dirisha. Nikauliza papa, ile treni ingine ya nani? Akaniambia ni siye. Treni inabembelezaka mulima."

Muyisa alielewa papo hapo. Njia ilipaswa kukizunguka kilima taratibu, kama kamba inayozungushwa kwenye pia. Lakini ili kuipitisha, ilibidi kukata kilima, na kilima kilikuwa cha Bénite, pamoja na puaro zake na kanisa. Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe akamtazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, na wakati wanasitasita Bénite akajifuta pua, akauliza kama anaweza kukata mwenyewe.

Muyisa akamletea kilima mapajani, juu ya gazeti, pamoja na patasi ndogo kuliko zote. Aliushika mkono wake, wakakata pamoja, ngazi baada ya ngazi. Kanisa lilihamishwa likapelekwa juu zaidi, na Bénite akaona ni afadhali, kengele itasikika mbali. Vumbi la mbao likaingia ndani ya plasta. Usiulize jinsi lilivyowasha. Siku zilizofuata Mama Berthe hakuachana na njiti ya ufagio, aliiingiza kwenye plasta akimkuna mjukuu wake huku mkono mwingine umeshika kopo la gundi.

Njia mpya ilipokamilika, Jumapili baada ya ibada, Muyisa aliweka treni Beni akagusisha waya. Ikaanza kupanda. Ilizunguka kilima mara ya kwanza, ikapotea nyuma yake, ikatokea juu kidogo. Kulikuwa na vigari vitatu, na kwenye kona ya juu Bénite aliona cha mwisho kinapita chini ya cha kwanza. Akanyoosha kidole, akasema ule ni mkia wetu. Treni ikapita Kipese ambako haikupaswa kupita, ikaingia Butembo.

Victoire alikuwa ameshona bendera mbili kutoka kwenye vipande vya nguo. Mama Berthe alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, ya kijani mkononi, mgongo umenyooka, kidevu juu. Treni ilipofika alishusha ya kijani akainua nyekundu, na Muyisa akakata umeme. Ikasimama mbele yake. Alibaki hivyo, mkono juu, na Muyisa akaona hataki kuishusha bendera. Zamani angeinamisha macho akatoka nje. Sasa alivuta kile kiti cha mlangoni, akamsogezea.

"Ikala, mama," alisema. "Treni imefika muzuri."

"Wasingya, mwana wangu," Berthe alishukuru kwa Kinande, akakaa.

Watoto wa mtaa wa Furu walikuja kwa makundi kuona. Bénite, akiwa na mito mgongoni, alipanga safari: asubuhi treni ya sokoni, mchana treni ya wagonjwa, jioni treni ya watu wa kanisa. Wazazi wao walikuja kuwaita, wakabaki mlangoni nao. Jokébed alikuja kuziona bobini zake zikikimbia. Kisha siku ya kukata plasta ikafika. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe kwa vumbi la mbao, na Bénite akajifunza upya kutembea, mkono mmoja begani kwa baba yake, mwingine begani kwa koko.

Berthe akaanza kukunja nguo zake. Nyumba yake Beni ilikuwa imefungwa muda mrefu, na kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinamngoja. Hapo ndipo Bénite alipotoa uamuzi ambao hakuna aliyemuomba. Treni iende na koko. Alieleza kwamba kila siku inafika Beni ya uongo, sasa ni zamu yake kufika Beni ya kweli. Itakaa kule wakati wa masomo, na yeye ataifuata likizo. Muyisa alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Hata hivyo usiku ule alilala na Fuso ya libuyu kifuani, ile ya kwanza yenye vioo na usukani, na hiyo hakumpa mtu.

Walisafiri wote wanne kwa pikapu ya Salomon, dereva anayejua kila shimo la barabara ile na kulilaani kwa jina lake. Meza ilifunguliwa bolti, ikafungwa juu ya magodoro nyuma ya gari, na Muyisa akakaa hapo hapo, ameishika kama mtu ashikaye mgonjwa.

Kabla ya kuingia Beni kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja kijana, bunduki begani, alizunguka gari akaona nyaya, mawe ya redio yaliyofungwa pamoja, na vyuma vinavyong'aa chini ya turubai. Uso wake ukabadilika. Akauliza hiki ni nini, Lingala ikitangulia:

"Oyo nini? Mushuke bote."

Walishuka. Muyisa alijaribu kueleza, lakini maneno yake machache yakazidi kupungua. Alisema ni treni. Askari akamwambia huku hakuna treni. Ndipo Mama Berthe akaomba ruhusa kwa upole waionyeshe tu, askari hataombwa aamini.

Wakaiteremsha, wakaiunga juu ya majani kando ya barabara. Muyisa aligusisha waya. Treni ilitoka Butembo, ikashuka kilima kwa kuzunguka, ikapita chini ya theluji, ikasimama. Akageuza waya, ikarudi juu. Askari wengine wakasogea. Abiria wa gari lililokuwa nyuma wakashuka nao. Yule kijana alikuwa amepiga goti, jicho lake sawasawa na reli, na bunduki ameisahau begani.

"Miye nilizaliwa Kongolo," alisema bila kumtazama mtu. "Nyumba yetu ilikuwa karibu na stasion. Sijaona treni tangu niingie jeshi."

Berthe akamwambia kwamba yeye ni wa Kindu, na baba yake alishika bendera. Kongolo na Kindu ziko kwenye reli moja. Wakaanza kutajiana vituo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaohesabu jamaa zao, na mmoja akisahau mwenzake akamkumbusha. Kisha kijana akaigusa treni akasema kuna kitu kimekosekana. Gari la mwisho halina alama nyekundu. Watu wa kituo watajuaje kwamba treni imepita yote, haikuacha kipande njiani? Berthe akajipiga paji la uso. Ni kweli kabisa, na yeye, binti wa mshika bendera, alisahau.

Kwenye kamba ya kizuizi kulikuwa kumefungwa vitambaa vyekundu ili madereva waione. Askari alikata ukingo mdogo wa kimoja, akaufunga nyuma ya kigari cha mwisho kwa uangalifu mkubwa, akakaza fundo kwa meno. Akaweka mikono miwili mdomoni akapiga honi ya treni, ndefu, halafu fupi, na Bénite akataka afundishwe palepale. Gari la nyuma lilikuwa limeanza kulalamika. Wenzake walisaidia kuibeba meza mpaka kwenye pikapu, na kamba ikashushwa.

Beni ilikuwa na joto, kama kawaida kwa mtu anayeshuka kutoka Butembo. Muyisa aliiunga meza sebuleni kwa mama mkwe, akaisawazisha kwa kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, akajaribu kila kona. Alipomaliza alifunga zana zake, akaelekea barazani kusubiri chai yake, kama ilivyokuwa desturi. Mvua ilikuwa imeanza, na baraza lilikuwa linavujiwa.

"Unaenda wapi?" Mama Berthe alimuuliza. "Mesa iko moja tu mu hii nyumba, na wewe njo uliifanya. Kuya tukule."

Muyisa alisimama mlangoni, kisanduku cha zana mkononi. Alimtazama mkewe, ambaye ghafla alipata jambo la muhimu la kutazama dirishani. Basi akaingia. Akakaa upande wa Butembo. Mama mkwe wake akakaa upande wa Beni, na katikati yao, kati ya migomba ya Mutwanga na puaro za Kipese, ziliwekwa fufu ya muhogo, sombe na samaki. Halafu Muyisa akaanza kueleza, bila kuulizwa, namna anavyofikiri kuongeza daraja, na Berthe akamkatiza kwamba daraja bila mto ni kiburi, kwanza mto. Wakabishana. Victoire na Bénite walitazamana.

Pilipili ilikuwa upande wa Beni. Muyisa aliiomba. Bénite akawazuia wote kwa mkono, akachechemea mpaka kwenye waya, na Mama Berthe akapakia kijiko kizima cha pilipili kwenye gari la mwisho, akainua bendera ya kijani. Treni ikaanza kupanda kilima polepole, ikibembeleza. Ilifika Butembo salama, na pilipili nayo ilifika, ingawa nusu yake ilimwagikia Maboya.